Mnato wa mlenda

Vitabu vya fizikia huita mnato ile hali ya kimiminika kugoma kutiririka upesi. Neno limetoka kwenye kunata, na hapo ndipo linaponikwaza. Ulimbo ndio unaonata. Ndege akitua, haondoki. Lakini chovya tonge la ugali kwenye mlenda uliotiwa magadi: hauning'ang'anii kidoleni, unateleza, unavuta nyuzi mpaka kidevuni. Mnato unao tele, kunata haunati!

Kazi hiyo inafanywa na ute, kama ule wa bamia: minyororo mirefu ya sukari, zikiwemo galaktosi na ramnosi, iliyovimba kwa maji na kusokotana. Ukikoroga kwa nguvu, minyororo hujilaza upande mmoja na ute ukawa mwepesi. Ukiacha mwiko, unarudi kuwa mzito. Ndiyo maana mhandisi anayekokotoa mtiririko bombani hawezi kuupa ute namba moja ya mnato kama anavyoyapa maji. Kanuni ya Newton ya mnato haimtoshi; anahitaji mlinganyo ambamo mnato wenyewe hubadilika kulingana na kasi ya mkorogo.

Jikoni tungesema uzito tu, kama uji mzito. Tatizo, fizikia imeshalichukua neno hilo, na mafuta ya kula yangetuumbua: huelea juu ya maji kwa wepesi wake, ila humiminika polepole kuliko maji. Basi mnato na ubaki. Mlenda wangu nitaendelea kuuita mtelezo.