Habari za Kenwood: Nyumba ya Jaji na Bustani ya Watu Wote

Baada ya hesabu za mwaka na majina ya wanachama, tumeona vema kuwaeleza wazee wetu habari za mahali palipo mbali na kwetu. Kaskazini ya mji wa London, huko Hampstead, iko nyumba kubwa nyeupe iitwayo Kenwood, nayo imezungukwa na miti mirefu, majani na maji. Mwishoni mwa maji hayo waonekana daraja jeupe. Lakini ukilikaribia waona kwamba ni mbao tu zilizosimamishwa kupendeza macho.

Nyumba hiyo ilinunuliwa mwaka 1754 na William Murray, ambaye baadaye aliitwa Lord Mansfield na kuwa Jaji Mkuu wa Uingereza. Fundi Robert Adam aliitengeneza upya, akaongeza chumba cha vitabu chenye dari ya kuajabiwa.

Lakini si dari iliyotufanya kushika kalamu. Humo alilelewa Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761. Baba yake, Sir John Lindsay, alikuwa ofisa wa manowari na mpwa wa Jaji. Mama yake, Maria, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Dido alikua pamoja na binti wa jamaa hiyo, Elizabeth Murray. Alisimamia maziwa na kuku, na Jaji alipozeeka alimwandikia barua zake. Hata hivyo, mgeni aliyekula hapo mwaka 1779 aliandika kwamba Dido hakuketi mezani. Aliingia baada ya chakula, kunywa kahawa na mabibi.

Mwaka 1772 Jaji huyo huyo alikata kesi ya James Somerset, akasema bwana hana haki ya kumtoa mtumwa Uingereza kwa nguvu. Wengi walidhani utumwa umekwisha. Haukwisha, sheria ya kuukomesha katika makoloni ya Waingereza haikupitishwa hata mwaka 1833. Naye Mansfield mwenyewe, katika wasia wake, aliona lazima kuandika kwamba Dido ni mtu huru. Sisi makarani twajua kwamba jambo lisilo na shaka halihitaji karatasi. Jaji alifariki mwaka 1793.

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ardhi hiyo ilikuwa karibu kuuzwa ili kujengwa nyumba. Wenyeji, wakiongozwa na Arthur Crosfield, wakachanga fedha (na sisi tunaokusanya michango twaujua uzito wa kazi hiyo), na mwaka 1925 Mfalme George V akafungua sehemu yake kwa watu wote. Nyumba yenyewe ilinunuliwa na Lord Iveagh, tajiri wa Guinness. Alipokufa mwaka 1927 aliwaachia watu nyumba hiyo pamoja na picha zake za thamani, mojawapo ikiwa ya Rembrandt. Tangu mwaka 1928 wananchi huingia.

Picha ya Dido na Elizabeth haikuwa katika urithi huo. Hukaa Scone, katika Scotland, kwa warithi wa Jaji. Kwa miaka mingi ilitajwa kwa jina la Elizabeth, naye Dido, anayecheka humo na matunda mkononi, akadhaniwa kuwa mtumishi tu.