Mbolea ya fosforasi nyingi huzima kazi ya kuvu kwenye mahindi

Mkulima wa mahindi wilayani Moshi anaweza kutia mbolea ya kupandia na bado majani ya miche yakageuka zambarau, dalili mojawapo ya upungufu wa fosforasi. Udongo uliotokana na volkano ya Mlima Kilimanjaro una aluminiamu na chuma, ambavyo huweza kuinasa fosforasi hiyo, mizizi isiipate.

Hapo ndipo zinapofaa kuvu ziitwazo mikoriza. Kuvu hizo huishi ndani ya mizizi na kueneza udongoni nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo vya mizizi, zikileta fosforasi isiyofikiwa na mmea. Mmea nao huzilipa sukari.

Hata hivyo, mbolea ya fosforasi ikizidi, ushirika huo hupungua. Kulima mara kwa mara nako hukata nyuzi hizo.

Lakini kuvu haziumbi fosforasi. Huvuta iliyopo tu. Inayoondoka na mavuno haina budi kurudishwa kwa samadi au mbolea, ikiwemo ya mawe ya fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara. Kupima udongo kwanza humwepusha mkulima na kununua asichokihitaji.