Mitambo ya Sarafu: Kuvunjwa Kwake na Kufufuliwa Kwake

Kumbukumbu za mataifa kwa desturi hutafutwa katika majumba ya wafalme, katika makaburi na katika hati zilizofungiwa makabatini. Michezo ya watu wa kawaida haina bahati hiyo. Huchezwa, hufurahiwa, huchakaa na kutupwa. Na kizazi kinachoitupa aghalabu hudhani kwamba hakuna kilichopotea. Habari za mchezo wa gololi uitwao pinboli, uliokulia katika miji ya Marekani ukaenea katika nchi nyingi, zina jambo kubwa kuliko hilo. Mchezo huu ulihukumiwa. Mitambo yake ilivunjwa kwa nyundo mbele ya watu kwa amri ya wakuu wa mji; kisha, baada ya miaka thelathini na minne, mtambo wenyewe uliletwa barazani ukatoa ushahidi wa kujitetea, nao ukasadikiwa. Mtu akitaka kujua kwa nini watu wazima hukesha wakisugua swichi za mtambo wa mwaka 1955, hana budi kuanza na hukumu hiyo.

Wazo la kutia sarafu ili kupata haja ni la kale. Heron wa Alexandria, mhandisi aliyeishi Misri katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alieleza habari za chombo cha kuwekwa hekaluni. Mwenye kuabudu alitia sarafu katika tundu. Sarafu ikaangukia kisahani kilichokuwa mwisho wa wenzo. Wenzo ukainamia upande mmoja na kufungua njia ya maji matakatifu. Sarafu ilipoteleza na kuanguka chini, wenzo ulirudi mahali pake na maji yakakoma. Chombo hicho kilikuwa tayari na kanuni yote ya mitambo iliyokuja baadaye: uzito wa fedha hufanya kazi ya mtumishi, na huduma hudumu kwa kipimo cha malipo.

Mchezo wa gololi nao ulianzia mbali na mahali ulipopatia sifa. Katika Ufaransa ya karne ya kumi na nane wakubwa walicheza bagatelle, mchezo wa meza yenye misumari na vishimo, ambamo gololi zilisukumwa kwa kijiti. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Cincinnati, alipata hataza ya kuiboresha meza hiyo. Badala ya kijiti aliweka kifyatuo chenye springi; mchezaji alikivuta, akakiachia, na gololi ikapanda juu ya meza kisha ikashuka ikigonga misumari. Miaka sitini ilipita. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago alitoa mtambo mdogo wa kuwekwa juu ya kaunta ya duka, akauita Baffle Ball, akauuza kwa dola 17.50. Ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, na mamilioni ya watu walikuwa hawana kazi. Asiye na fedha ya kwenda kutazama sinema alikuwa na senti moja, na kwa senti hiyo aliweza kusimama dukani mahali penye joto akasahau shida zake kwa dakika chache. Mwenye duka naye alipata nyongeza ya kumsaidia kulipa kodi ya pango. Mitambo hiyo iliuzwa kwa maelfu kwa maelfu, na Chicago ukawa mji wa kuiunda.

Lakini penye neema huja na shutuma. Mitambo ya kwanza haikuwa na umeme, wala haikuwa na vibawa vya kuirudisha gololi juu. Gololi ikishaondoka kwenye kifyatuo, mchezaji alibaki na njia moja tu ya kuiongoza, nayo ni kuitikisa meza kwa mikono na nyonga. Wenye mitambo walichukia jambo hilo, na Harry Williams, fundi hodari wa zama hizo, akaunda kifaa cha kulizuia. Kifaa hicho kwa umbo lake lililodumu ni timazi ndogo iliyoning'inizwa katikati ya pete ya chuma. Meza ikitikiswa kupita kiasi, timazi hugusa pete, umeme hupita, na mchezo hufa. Basi mchezaji akazuiliwa hata ule ustadi mdogo aliokuwa nao. Aidha, tangu mwaka 1933 yalitokea makampuni yaliyotengeneza mitambo ya kumlipa sarafu mwenye kupata alama nyingi. Kwa mitambo ya namna hiyo neno kamari halikuwa tusi, lilikuwa jina lake halali.

Fiorello La Guardia, Meya wa New York, alikuwa adui mkubwa wa kamari na wa majambazi walioiendesha. Kwa macho yake pinboli ilikuwa mwizi aliyesimama katika maduka ya peremende, akiwanyang'anya watoto wa shule senti walizopewa na wazazi wao kwa chakula cha mchana. Mwezi wa Januari 1942, wiki chache baada ya Marekani kuingia katika Vita vya Pili vya Dunia, mchezo ulipigwa marufuku mjini. Polisi waliingia madukani na katika baa, wakakamata mitambo kwa maelfu. Meya mwenyewe alipigwa picha akiwa ameshika nyundo kubwa akiipasua. Vyuma vilipelekwa kuyeyushwa kwa mahitaji ya vita. Los Angeles ulikuwa umekwisha kupiga marufuku kama hiyo mwaka 1939, na hata Chicago, mji uliokula mkate wa kazi hiyo, uliwakataza wenyeji wake kuucheza mchezo ambao viwanda vyake viliutengenezea ulimwengu mzima.

Haki inadai isemwe kwamba hukumu ya mwaka 1942 haikuwa ya uwongo mtupu. Majambazi walikuwapo, mitambo ya kulipa fedha ilikuwapo, na watoto waliopoteza senti zao walikuwapo. Kosa la hukumu lilikuja baadaye, kwa sababu kitu kilichohukumiwa kilibadilika na hukumu ikabaki palepale. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ilitoa mtambo ulioitwa Humpty Dumpty, uliobuniwa na Harry Mabs. Kwenye meza yake palikuwa na vibawa sita vidogo, vitatu kila upande, vilivyosukumwa na umeme kila mchezaji alipobonyeza kitufe. Mwaka uliofuata Steve Kordek aliuonyesha mtambo wenye vibawa viwili tu vilivyowekwa chini ya meza, na mtindo huo ndio uliotawala hata leo. Tangu siku hiyo mchezaji aliweza kuingoja gololi, kuipima, kuituliza, kisha kuipeleka alikotaka. Mgeni alimaliza gololi zake kwa dakika mbili. Mzoefu alicheza kwa sarafu hiyohiyo hata watu wakakusanyika kumtazama. Bahati haikuondoka mezani, lakini ilipata mshindani. Sheria haikumwona mshindani huyo kwa zaidi ya robo karne.

Mahakama Kuu ya California iliondoa marufuku ya Los Angeles mwaka 1974. New York ilifuata mwaka 1976 kwa njia isiyo ya kawaida. Roger Sharpe, kijana mwandishi wa magazeti aliyekuwa akitunga kitabu juu ya pinboli, aliitwa mbele ya kamati ya baraza la mji ili athibitishe kwamba huo ni mchezo wa ustadi. Mitambo miwili iliwekwa ukumbini, mmoja wa kuchezwa na mmoja wa akiba. Diwani mmoja, akichelea kwamba mtambo wa kwanza ulikuwa umetayarishwa kwa hila, alidai utumike ule wa akiba, ambao Sharpe hakuuzoea sana. Sharpe alicheza, akitaja kabla ya kila pigo mahali gololi itakapokwenda. Mwishowe alishika kifyatuo akatangaza kwamba gololi itapanda na kushuka kwa njia ya katikati. Alikivuta, akakiachia, gololi ikashuka kwa njia ya katikati. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba pigo hilo lilikuwa na bahati ndani yake. Lakini kamati ilikuwa imeona ya kutosha, na marufuku ikaondolewa.

Kisa hiki husimuliwa kwa kucheka, nacho kina fundisho zito. Mawakili walikuwa na maneno ya kutosha kwa pande zote mbili, na maneno yalikuwa yamesemwa miaka thelathini bila kumaliza shauri. Kilicholimaliza ni mtambo mzima, wenye swichi safi na vibawa vyenye nguvu, uliochezwa mbele ya macho ya waamuzi. Lau ungalikuwa mbovu, au picha tu katika kitabu, ushahidi usingalikuwapo.

Uhuru huo ulikuja karibu na mwisho wa enzi. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitoa Pong, mchezo wa kioo cha televisheni uliotiwa sarafu, na mwaka 1978 Space Invaders ya Tomohiro Nishikado ilianza safari yake kutoka Japani. Kumbi zikageukia michezo ya video. Mwaka 1999 kampuni ya Williams, iliyokuwa imesimama mbele katika kazi hii, ilifunga kiwanda chake cha pinboli. Michezo ya video ya kumbini nayo ilinyang'anywa wachezaji na mashine za nyumbani. Mitambo ya kila namna ikatupwa, ikaachwa katika maghala yenye unyevu, au ikauzwa kwa bei ya kuni kwa yeyote mwenye gari la kuibebea.

Hapo ndipo walipofaa watu ambao zamani walichekwa. Mmoja wao ni Edward Zelinsky wa San Francisco, aliyeanza kukusanya mitambo ya senti mwaka 1933, akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 2004. Mkusanyo wake ndio uliofanya makumbusho ya Musée Mécanique, ambayo mwaka 2002 yalihamia kwenye gati la wavuvi wa mji huo. Mgeni huingia bure, hutia sarafu na hucheza. Miongoni mwa mitambo hiyo yumo Laffing Sal, sanamu ya mwanamke mnene anayecheka kwa sauti kubwa, aliyeokolewa baada ya bustani ya michezo ya Playland kufungwa mwaka 1972. Mwaka 2006 Tim Arnold alifungua nyumba ya pinboli Las Vegas. Na hivyo, katika mji unaoishi kwa kamari, mchezo ulioshtakiwa kuwa kamari ulipata makao kwa ajili ya mchezo tu.

Kukusanya, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Mtambo wa miaka ya 1950 au 1960 hauna kompyuta. Akili yake imo katika nyaya, koili na rilei, na katika mota ndogo inayozungusha visahani vyenye meno ili kuhesabu alama. Gololi ikigusa kigingi, vipande viwili vya madini hukutana, umeme hupita, koili huvuta, kengele hulia na gurudumu la tarakimu husogea hatua moja. Swichi za namna hiyo ni mamia, na moja iliyoingia kutu hutosha kuusimamisha mchezo mzima. Fundi hufungua ramani ya nyaya iliyokunjwa ndani ya sanduku tangu kiwandani, karatasi ambayo mara nyingi humeguka mkononi, akafuata mstari mmoja mmoja. Hupiga tupa nyembamba penye mguso, hukunja upya jani la swichi lililolegea, hulehemu waya uliokatika, hubadili koili iliyoungua na pete za mpira zilizokauka, kisha hupaka nta juu ya meza ili gololi iteleze. Mitambo iliyotoka tangu mwaka 1977 ina maradhi mengine: betri ya kuhifadhi alama za juu huvuja, na maji yake hula njia za shaba za bodi ya umeme. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Kazi hii ina shauri lake ambalo wakusanyaji hawajakubaliana. Picha ya kioo cha nyuma imepakwa upande wa ndani, na joto la taa likishirikiana na miaka huibambua. Sanduku lina mikwaruzo, na kwenye kingo za mbao yamebaki makovu ya sigara zilizosahauliwa na wachezaji. Wako wasemao kwamba mtambo upakwe rangi upya ung'ae kama siku ulipotoka Chicago. Wengine hujibu kwamba anayefuta kovu la sigara humfuta na mchezaji aliyeliacha, na hakuna hati nyingine inayomtaja mtu huyo. Wenye busara hushika njia ya kati. Kilichochakaa kwa kucheza hubadilishwa, kwa kuwa kiliundwa kichakae; kilichoandikwa na wakati juu ya rangi na mbao huzuiwa kisizidi kuharibika; na kila kinachoongezwa huongezwa kwa namna ambayo fundi wa baadaye ataweza kukiondoa.

Njia hiyo inakubaliana na yaliyotokea mwaka 1976. Mtambo uliopambwa ukawekwa nyuma ya kamba usiguswe, hueleza rangi na umbo lake, basi. Hauwezi kueleza kama ulikuwa mwizi wa senti za watoto au kipimo cha macho na mikono. Na hilo ndilo swali lililoufikisha penye nyundo. Jibu lake hupatikana kwa kutia sarafu, kuvuta kifyatuo na kuitazama gololi ikipanda. Kwa hiyo fundi anayesugua swichi usiku anamtunza shahidi. Siku watakapokwisha wajuao kusoma ramani zile za nyaya, mitambo itabaki mingi na mizuri katika majumba ya watu, na shauri la La Guardia litakuwa limerudi kuwa maneno tu.