Chuma Kilichobaki Mchangani: Vita vya 1914 Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Katika sehemu nyingi za Tanzania imo imani ya kuwa Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walifukia mali ardhini na kuweka alama juu ya mawe na miti ili waje kuichukua. Imani hiyo imewafanya watu wachimbe kando ya maboma ya kale, chini ya misingi ya nyumba za misheni, na hata makaburini. Zamani mtafutaji alitumia sururu na maneno ya mganga. Siku hizi huongeza mashine ya kutambua metali. Uwanda wa Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wafaa sana kulipima jambo hili, kwa maana huko vita vilipita kwelikweli, na tarehe zake zajulikana.

Vita vilianza majini. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ililetwa vipande vipande na kuelea ziwani mwaka 1893. Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ndipo Liuli ya leo. Kapteni Rhoades akaja na meli ya Waingereza, Gwendolen, akaipiga mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba vita vimetangazwa. Alimwendea Rhoades, aliyekuwa rafiki yake, kwa mashua ili amkaripie, akafanywa mateka.

Mwezi uliofuata vita vilishuka nchi kavu. Jeshi la Wajerumani chini ya Kapteni von Langenn-Steinkeller lilivuka mto Songwe kwenda kuishambulia Karonga. Kapteni Barton naye alikuwa ametoka Karonga kwenda kuwakabili. Majeshi mawili yakapishana njiani yasionane, hata mlio wa bunduki ukamrudisha Barton nyuma. Siku hiyo, tarehe 9 Septemba 1914, Wajerumani walishindwa, wakarudi ng'ambo ya Songwe. Tangu hapo mto huo ukawa mpaka wa kuviziana. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini, safu moja ikitokea Karonga, na Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, ikatwaliwa.

Basi ni nini kilichobaki? Maganda ya risasi, vifungo, buli zilizotoboka, vipande vya makombora. Mashine ya kutambua metali hupeleka nguvu za sumaku ardhini, na metali iliyo chini huzijibu kwa nguvu zake ndogo, nazo hugeuzwa sauti masikioni mwa mtafutaji. Lakini ardhi ya nchi hii si nyamavu. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha udongo wa milima ya volkano ya Rungwe, wenye chembe nyingi za chuma, nao huipigia mashine kelele za uongo. Tena mvua za Kyela ni kubwa, na mafuriko huweka tabaka juu ya tabaka. Kilichoanguka juu ya ardhi mwaka 1914 huenda sasa kiko chini kupita kimo cha mashine kusikia. Na chuma kisikikapo, si lazima kiwe cha vita. Wakinga wa milima ya Livingstone walikuwa wahunzi mashuhuri, na majembe na mikuki yao ilishuka hadi uwandani muda mrefu kabla ya bunduki ya kwanza.

Ama dhahabu, historia yenyewe yaikataa. Ni kweli kwamba Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye sura ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Lakini zilipigwa Tabora mwaka 1916, na jumla yake ilizidi 16,000 kidogo tu. Kazi hiyo ilianza Aprili. Tukuyu ilikwisha kutwaliwa Mei. Mtu asemaye kwamba masanduku ya sarafu hizo yamefukiwa Kyela, hana budi kueleza yalisafirije kutoka Tabora hadi ziwani katika majuma machache, kuelekea upande ule ule ambao adui alikuwa akijikusanya. Serikali iliyofikia kupiga heleri za shaba nyeupe na nyekundu kwa mabaki ya maganda na mabomba, na kuchapa noti za muda kwa karatasi hafifu, haikuwa serikali ya kutupa dhahabu mashimoni.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haiko katika jasho la mtafutaji. Mashine husikia metali tu, na metali ilikuwa mali ya wenye bunduki. Mpagazi aliyevibeba visanduku vya risasi hakuzifyatua. Alichokuwa nacho yeye ni kata ya majani kichwani, kibuyu, na kitambaa kiunoni. Vyote vimeoza. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake katika Afrika Mashariki walifika kama 95,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria. Novemba 1914 John Chilembwe wa Nyasaland aliandika barua kulalamikia damu ya Waafrika iliyomwagika katika vita visivyokuwa vyao, nayo ya Karonga ilikuwa mbichi; Januari 1915 akaasi, akauawa. Mwaka 2021 tume ya Uingereza itunzayo makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina yao popote.

Kwa hiyo anayechimba kwa tamaa hupoteza mara mbili. Ganda la risasi likiwa mahali lilipoanguka, pamoja na mengine, hueleza askari walisimama wapi, wakalenga wapi, wakarudi nyuma kwa njia ipi. Likiisha kung'olewa na kutiwa mfukoni, ni kipande cha shaba kisicho na neno. Kombora lisilolipuka nalo laweza kumuua mchimbaji baada ya miaka mia moja na zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila leseni, na haikutungwa kwa wivu wa hazina.

Mashine si adui. Ikishikwa na mtaalamu, mwenye ramani na daftari, inaweza kuthibitisha au kukanusha maandiko ya maofisa. Ila kazi yake iende pamoja na nyingine isiyohitaji betri: kukusanya, kijiji kwa kijiji, toka Songwe hadi Matema, majina ya mababu waliochukuliwa kubeba mizigo na wasirudi. Kila mwaka wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua, na hayo hayawezi kuchimbuliwa kwa jembe.