Kutoka Sinema ya Bati hadi Mabanda ya Runzewe

Kila zinapochapishwa habari za kulihifadhi jumba la sinema la Majestic, lililoko Vuga mjini Unguja, watu wa makamo hushikwa na majonzi, wakaanza kuyataja majumba yaliyokufa kama watajavyo marehemu wa ukoo: Avalon, Empress na Odeon za Dar es Salaam, Metropole ya Arusha, Plaza ya Moshi, Liberty na Tivoli za Mwanza. Sisi wa Runzewe, katika Wilaya ya Bukombe, ambao mji wetu mdogo umekaa kando ya barabara kuu itokayo Kahama, hapo malori ya Rwanda na Burundi yapitapo usiku na mchana, hatuna jumba la kulilia. Tulicho nacho ni mabanda ya video, ambayo watu wa mijini waliyapa lakabu ya vibanda umiza. Na aghalabu yakitajwa hutajwa kwa kejeli, ilhali mwenye kuifuatia tarehe ya biashara hii tangu asili yake ataona dhahiri ya kwamba banda la Runzewe na jumba la Vuga ni watoto wa ukoo mmoja.

Anayetufunulia asili hiyo zaidi ya wengine ni Profesa Laura Fair, mwanahistoria Mmarekani, ambaye baada ya miaka mingi ya kuwahoji wenye majumba na watazamaji wa Tanzania alitoa kitabu chake, Reel Pleasures, mwaka 2018. Humo twasoma habari za Hassanali Jariwalla, mfanyabiashara wa Unguja, ambaye mwaka 1921 alifungua Royal, jumba la fahari lililochorwa na John Sinclair, Mwingereza aliyepata kuwa Mkuu wa Serikali visiwani. Jumba hilo liliteketea kwa moto mwaka 1954, na mwaka uliofuata pale pale pakasimama hilo Majestic tulionalo leo. Lakini kabla ya nguzo na viti vya Royal, watu wa Unguja walikwisha kutazama picha katika jumba lililojengwa kwa mabati, nao wakaliita kwa jina lililolistahili, Sinema ya Bati. Basi wanaoyacheka mabati ya Runzewe na wajue kwamba ndiyo yaliyotangulia, na marumaru yakafuata.

Majumba mengi yaliyokuja baada ya hapo yalikuwa ya watu wa asili ya Kihindi, nayo yalikuwa mali ya ukoo kwa maana kamili ya neno: baba ndiye mwenye kuchagua picha na kutia saini mikataba, ndugu yuko dirishani akikata tiketi, na kijana yuko juu katika chumba cha mashine. Fair asisitiza jambo moja ambalo mimi nalikubali, ya kwamba wengi wao hawakutafuta faida peke yake bali na heshima mjini, maana mwenye sinema alikuwa akijulikana kwa jina na kila mpita njia, na picha mbaya ikionyeshwa Jumapili, Jumatatu atalaumiwa sokoni.

Kisa kinachopendeza kuliko vyote katika habari hizo ni kile cha mikanda na baiskeli. Nakala ya picha ilikuwa ghali kukodi, na aghalabu iliyofika mjini ilikuwa moja tu, wala haikukaa siku nyingi kabla ya kupelekwa mji mwingine. Kwa hiyo majumba mawili ya mji mmoja yalipotaka kuonyesha picha ile ile usiku ule ule, na hasa ikiwa ni picha ya Kihindi iliyovuma kama Awaara ya Raj Kapoor, la kwanza lilianza mapema, na la pili likachelewa kidogo, kisha kila mkanda uliokwisha kuonyeshwa katika la kwanza ukatiwa koponi na kupelekwa mbio kwenye la pili. Na tuhesabu kidogo: mkanda wa futi 2,000 hupita katika mashine kwa dakika zipatazo 22, na picha ya Kihindi ya karibu saa tatu yahitaji mikanda minane ya kadiri hiyo, maana yake ni kwamba kijana wa baiskeli alikuwa na safari nane kwa usiku mmoja, katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja ambamo watu wawili wanene hawapishani bila ya mmoja kujibana ukutani, na kila safari ina wakati wake usioongezeka. Pancha moja, au maandamano ya harusi yaliyoziba njia, yalitosha kulitia jumba zima giza, staringi akiwa amekwisha kuinua mkono ampige adui. Hapo ndipo miluzi inapoanza, na viti kugongwa, na mwenye jumba kutoka nje kusimama njiani akiangaza huku na huku. Yule kijana jina lake halikuandikwa ukutani pamoja na majina ya waigizaji, lakini watazamaji wote walikuwa wakimjua, na alipowasili akihema walimshangilia kuliko staringi mwenyewe.

Vijijini mambo yalikuwa mengine. Huko sinema ilikuja kwa gari la serikali, bure, shuka nyeupe ikafungwa baina ya nguzo mbili, na masomo ya afya na kilimo yakatangulia. Mwingereza mmoja, Meja Notcutt, alikwisha kuanza kutengeneza picha za namna hiyo Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Katika mwanzo wa miaka ya 1950 zikatengenezwa picha za Kiswahili, na mmoja wa waigizaji wake, aliyeonekana katika Muhogo Mchungu, ni Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sijui kama iko nchi nyingine Afrika iliyompata Waziri Mkuu wake kwanza katika shuka ya sinema.

Kifo cha majumba ya ukoo watu hukisingizia video, nayo kwa hakika ilimaliza. Lakini mgonjwa alikuwa kitandani zamani. Visiwani majumba yalichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara, Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwenye sinema akalala mwenye nyumba akaamka mpangaji wa Msajili wa Majumba. Na uingizaji wa picha nao ukaja kushikwa na Shirika la Filamu la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1968, hata yule baba aliyekuwa akichagua picha kwa kuijua hadhira yake akawa hana la kuchagua. Siingii katika hoja ya kama sheria ile ilikuwa ya haki au dhuluma, kwani makabwela waliopanga vyumba walikuwa na sababu zao za kuifurahia. Nasema tu kwamba mtu hatengenezi kwa moyo mmoja paa lisilo lake, na viti vilivyochanika mwaka ule, vingi vilibaki vimechanika. Katika Dar es Salaam, uwanja wa sinema ya magari uliofunguliwa mwaka 1966 leo una Ubalozi wa Marekani juu yake, na jina la Drive-In limebaki kwa makondakta wa daladala.

Hapo ndipo yanapoingia mabanda. Masharti ya biashara yalipolegezwa katika miaka ya 1980, deki na runinga zikaanza kupenya, na Bara haikuwa na kituo chake cha runinga mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo mwenye deki moja na jenereta moja alikuwa na sinema. Katika ukanda huu wa dhahabu, toka Katoro na Nyarugusu hadi Masumbwe na kwetu Runzewe, biashara ilikuta watu wake wakingoja: vijana waliotoka kwenye maduara ya kuchimbia na makarasha ya kusagia mawe, wenye fedha mfukoni na jioni isiyo na kazi. Banda lenyewe ni mbao na mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, mabenchi yasiyo na migongo, spika imening'inizwa nje ili mlio wa bunduki uite wateja, na mlangoni ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki picha za mchana na za usiku. Baba huangalia jenereta, mama hupokea kiingilio huku akikaanga mihogo, na mtoto mkubwa ndiye mwenye rimoti, cheo asichomwachia mtu. Ni ukoo ule ule wa dirishani na chumba cha mashine, ila hapa vyote viko katika hatua sita.

Na banda likazaa fani ambayo Majestic haikuwa nayo. Mtaalamu wa Kijerumani, Profesa Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, ameandika kwa urefu juu ya Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, ambaye alizitia picha za Hong Kong, za Marekani na za Nigeria sauti ya Kiswahili, akisimulia, akifafanua, akimtania staringi na kumwonya adui, na kanda zake zikasambaa mpaka machimboni. Mchimbaji asiyejua neno la Kiingereza alitoka bandani akiijua hadithi yote, na pengine bora kuliko ilivyotungwa. Walipokuja wasanii wetu wenyewe, na mbele yao Steven Kanumba, mwana wa Shinyanga aliyefariki Aprili 2012, mabanda haya ndiyo yaliyowapokea, maana kumbi za kuwapokea zilikwisha kufungwa.

Viongozi hawajayapenda mabanda kamwe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 yataka kibali kwa maonyesho ya hadhara, na kila baada ya muda hutolewa amri za kuyafunga kwa sababu ya wanafunzi wanaotoroka vipindi. Lalamiko hilo si la uongo: mtoto wa darasa la nne hana haja na picha za saa nne usiku. Lakini afisa anayelifunga banda wiki hii hana jambo la kumpa kijana aliyezoea kuingia humo jioni ya wiki ijayo, wala sijaona mji mdogo katika ukanda huu uliojengewa ukumbi mahali pa banda.

Siku hizi picha hutiwa katika simu kwa kadi ndogo kuliko kucha, na banda lililosalia huishi kwa mpira wa Ulaya na wa Simba na Yanga. Kanda za Lufufu, zile za plastiki nyeusi, zimo katika mifuko ya rambo chini ya vitanda, zikiota ukungu, na utepe wa namna hiyo haudumu miaka mingi hata ukitunzwa vizuri. Zinapotafutwa fedha za kuutengeneza mlango wa Majestic, zitafutwe na za kumtuma mtu mmoja mwenye deki nzima apite Kahama, Ushirombo, Runzewe na Katoro, azinunue kwa bei ya haki na kuzinakili. Wenye nazo wengi wangali hai, na baadhi yao deki wamekwisha kuziuza kwa mafundi wa vipuri.