Watani wa Mbali: Upinzani wa V.Club na Daring Unavyosikika Kirotshe

Kutoka Kirotshe, pale barabara ya Sake inapofuata ukingo wa Ziwa Kivu kuelekea Bweremana na Minova, hadi Kinshasa, ndege ingeruka zaidi ya kilomita 1,500. Mtu aliyezaliwa kwenye vilima hivi vya Masisi anaweza kuzeeka bila kuuona mto Kongo, na bila kujua Kilingala zaidi ya kile cha nyimbo na cha askari. Lakini muulize anashabikia nani. Atakujibu papo hapo: V.Club, au Daring, au Mazembe. Na akishaitaja timu yake, mpinzani wake naye amekwisha kujulikana. Upinzani uliozaliwa katika mitaa ya mji mmoja wa mbali umeotaje mizizi kwenye ardhi hii? Naliuliza swali hili kwa sababu Masisi na jirani yake Walikale ni mahali ambapo ujirani umegharimu damu, na soka ni moja ya sehemu chache ambamo jirani bado anaweza kuwa mpinzani wako bila kuwa adui yako.

Tuanze na asili. V.Club ilianza mwaka 1935, Daring mwaka 1936, zote mbili Léopoldville, kama Kinshasa ilivyoitwa wakati wa Wabelgiji. Daring ilianzishwa na padre Raphaël de la Kethulle, yule ambaye wenyeji walimwita Tata Raphaël na ambaye uwanja mkongwe wa Kinshasa una jina lake hadi leo. Jina la Daring lilikuwa na safari yake: ni neno la Kiingereza, lenye maana ya kuthubutu, lililokuwa jina la klabu ya Brussels tangu 1895. Mbali na hapo, kusini-mashariki, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mambo yalikwenda hivyohivyo. Mwaka 1939 watawa Wabenediktini waliunda timu ya Saint-Georges, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa ndiyo TP Mazembe ya leo. Na mwaka huohuo ikaanza Saint-Éloi, yaani Lupopo, timu ya watu wa reli, ambayo mpaka sasa huitwa Cheminots.

Wanahistoria wengi husoma kurasa hizi kama habari ya nidhamu. Mmisionari alitaka kijana wa mjini awe na shughuli Jumapili mchana, kampuni ilitaka mfanyakazi mtiifu, na mpira ukawatumikia wote wawili. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Tarehe 4 Januari 1959, siku ambayo Kongo huikumbuka kila mwaka kama siku ya mashahidi wa uhuru, umati uliokuwa ukitoka kwenye mechi ya V.Club uliungana na watu wa chama cha Abako waliozuiwa kufanya mkutano wao, na mji ukawaka. Uwanja uliojengwa kumtuliza kijana ndio uliomkusanya.

Jambo linalonigusa zaidi katika asili hiyo ni kwamba wapinzani hawa ni pacha. Mji ni mmoja, kizazi kilekile, mwaka mmoja tu kati yao. Hata Dar es Salaam ni hivyohivyo: Yanga ya 1935 na timu iliyokuja kuitwa Simba, ya 1936, zilitoka kwa vijana wa Kariakoo waliokuwa pamoja kisha wakagawanyika. Upinzani mkubwa wa soka hauzaliwi kati ya wageni, maana mgeni akikufunga atarudi kwao na utamsahau. Aliyekufunga akawa jirani yako utamkuta kisimani kesho asubuhi.

Sasa turudi Kivu. Timu mbili kubwa za Goma ni DC Virunga na AS Dauphins Noirs, na mechi yao kwenye Stade de l'Unité ndiyo imekuwa ikiugawa mji. Yatazame majina. DC ni Daring Club. Dauphins Noirs, yaani pomboo weusi, ni lakabu ya V.Club ya Kinshasa. Kwa hiyo mtu wa Goma, kwenye mji wa lava na ziwa, anapokwenda kutazama derbi ya kwao, majina anayoyaimba ni ya derbi ya Kinshasa, na mojawapo lilitoka Brussels kabla ya hapo. Katika ziwa Kivu hakuna pomboo hata mmoja. Lakini jina la milima ya hapa limebandikwa kwenye jina la Ulaya, na Daring ya Virunga si Daring ya mtu mwingine tena.

Sikio la Kiswahili nalo limefanya kazi yake. V.Club kwa kirefu ni Vita Club, baada ya kuitwa Victoria hapo zamani. Kwa Kilatini cha mapadre vita ni uhai. Kwetu sisi ni mapigano. Daring nayo kwa muda mrefu iliitwa Imana, na mashabiki wake wangali wakijiita kwa jina hilo. Msikilizaji wa Masisi anayejua Kinyarwanda analisikia kama jina la Mungu. Hivi ndivyo kitu cha mbali kinavyokuwa cha nyumbani: kila lugha inakitia maana ambayo mwenye kukileta hakuikusudia.

Kuna maelezo yaliyozoeleka yanayosema kwamba ushabiki wa Afrika ni kabila lililovaa jezi. Sikubaliani nayo, na Kirotshe ni mahali pazuri pa kuyapima. Huku swali la asili ya mtu ni zito kuliko karibu pote Kongo. Tangu 1937 utawala wa Kibelgiji ulipoanza kuhamishia Masisi familia kutoka Rwanda, katika nchi ya Wahunde, swali la nani mwenyeji na nani mgeni halijapata jibu ambalo wote wanalikubali. Machi 1993 mauaji yalianzia Ntoto, huko Walikale, yakasambaa Masisi. Kwa kijana wa hapa, kuulizwa anatoka wapi ni kuulizwa jambo ambalo hakulichagua na ambalo linaweza kumwua. Kuulizwa anashabikia nani ni swali la namna nyingine kabisa. Hakuna Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga wala Mtembo anayezaliwa mtu wa V.Club. Aliichagua, pengine kwa sababu kaka yake alikuwa wa Daring na hakuna aliyetaka kukubaliana na kaka yake. Umbali wa Kinshasa, ambao mwanzoni ulionekana kuwa kasoro, ndio unaofanya kazi hapa. Timu ya mbali haimilikiwi na kilima chochote.

Kiswahili, kwa maoni yangu, kina nadharia ya jambo hili iliyokomaa kuliko vitabu vingi vya sosholojia ya michezo. Watanzania wanaziita Simba na Yanga watani wa jadi. Wakenya wanaiita mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards derbi ya mashemeji. Maneno yote mawili yametoka kwenye undugu. Mtani, kwa desturi, ana ruhusa ya kukutukana bila wewe kukasirika, lakini ana wajibu pia: ukifiwa, yeye ndiye anayekuja msibani na kufanya kazi ambazo ndugu wa damu hawaziwezi kwa uchungu. Shemeji, ambaye sisi huku humwita shemeki, amekuchukulia dada yako, na kwa sababu hiyo hiyo mtoto wa dada yako ni wake. Hawa si watu wanaopendana tu, wala si wanaochukiana. Ni watu ambao uhusiano wao una mvutano ndani yake, na jamii imeupa mvutano huo mahali pa kukaa. Kongo hatukuwa na neno kama hilo kwa V.Club na Daring, lakini soko la wachezaji limetuunganisha na wenye nalo. Mwaka 2021 Fiston Mayele alitoka V.Club akaenda Yanga, na Henock Inonga akatoka Daring akaenda Simba. Mshambuliaji na beki wakaendelea kukabana Dar es Salaam kama walivyokuwa wakikabana Kinshasa, na mtu wa Kivu aliyesikiliza mechi za Simba na Yanga kwa Kiswahili aliupata upinzani wake wa zamani ukiwa umeshavikwa utani.

Kuna pingamizi moja ambalo haliwezi kuepukwa, nalo ni Butembo. Septemba 2008, katika mkoa wetu huuhuu wa Kivu Kaskazini, Nyuki System ilikuwa ikicheza na Socozaki. Mlinda mlango alituhumiwa kufanya uchawi uwanjani, wachezaji wakapigana, afisa wa polisi aliyeingia kati akarushiwa mawe, ikapigwa gesi ya kutoa machozi, na umati ukakimbilia milangoni. Walikufa watu 13, wengi wao watoto na vijana wadogo. Habari ile ilienea duniani kama kisa cha uchawi. Nadhani huo ni usomaji wa kivivu, na unawaonea marehemu. Tuhuma ya uchawi ilianzisha ngumi, ngumi huisha. Waliokufa waliuawa na msongamano kwenye milango, baada ya gesi. Mei 2014, kwenye uwanja wa Tata Raphaël, V.Club ikicheza na Mazembe, ghasia za mashabiki zilijibiwa kwa gesi tena, na watu zaidi ya 10 wakafa kwa njia ileile. Hapakuwa na mchawi wa kulaumiwa siku ile. Mashabiki wana makosa yao, na kurusha mawe ni kosa, lakini wenye dhamana ya milango na silaha ndio waliogeuza ugomvi kuwa msiba.

Utani nao una sharti lake, ambalo soka hulitimiza kwa kalenda. Mtani wako anakuvumilia leo kwa kuwa kesho zamu ni yake. Mechi ya kwanza huwa na marudiano; msimu ukiisha, mwingine unakuja. Aliyefungwa hana haja ya kulipiza kisasi usiku, maana tarehe ya kulipiza imeshapangwa na kila mtu anaijua. Huo ndio utaratibu ambao migogoro ya ardhi ya Masisi haijawahi kuwa nao: aliyeshindwa huko hajui kama atapewa nafasi nyingine, kwa hiyo anapigana kama mtu wa mwisho.

Ndiyo maana naona kukatika kwa kalenda ni hasara kubwa kuliko wanavyodhani wanaohesabu hasara za vita kwa madaraja na shule tu. Februari 2024 mapigano ya waasi wa M23 yalifika Shasha na kuikata barabara inayopita Kirotshe. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Kwa watu wa ukingo huu wa ziwa, njia ya kwenda Goma kutazama Virunga na Dauphins ilikuwa ileile ya kupeleka maharage, kumkimbiza mgonjwa, na kukimbia. Barabara ikifungwa, vyote hufungwa pamoja. Kijana wa Virunga ambaye timu yake ilifungwa katika derbi ya mwisho bado anadaiwa na jirani yake wa Dauphins, na pengine jirani huyo sasa yuko kambini, au ng'ambo ya ziwa. Deni hilo la utani halilipiki kwa simu. Linadai uwanja, mwamuzi, na tarehe ambayo wote wawili wanaweza kuifikia kwa miguu.