Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyeipa taarab lugha ya umma

SITI binti Saad alikuwa mwimbaji wa taarab kutoka Zanzibar na mmoja wa wasanii wa kwanza wa Afrika Mashariki ambao nyimbo zao zilirekodiwa katika santuri. Alizaliwa na wazazi watumwa, lakini alipofariki mwaka wa 1950 jina lake lilikuwa likitajwa kwa heshima kote pwani ya Waswahili.

Alizaliwa mnamo 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, na wazazi wake, ambao asili yao ilikuwa bara, wakamwita Mtumwa. Kazi aliyorithi nyumbani ilikuwa ufinyanzi. Kama wanavyojulikana wanawake wa Kipungani, kisiwani Lamu, kwa kusuka mikeka na vikapu, ndivyo wale wa Fumba walivyotegemea udongo. Mtumwa alichukua vyungu akavipeleka mjini, akivinadi kwa kuimba, na watu wakaijua sauti yake kabla ya kumwona.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini Zanzibar. Utumwa ulikuwa umeondolewa kisheria kisiwani humo tangu 1897, lakini dharau kwa watu wa asili hiyo haikuondoka kwa amri ya serikali. Huko mjini alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, ambaye alivutiwa na kipaji chake akamfundisha uimbaji. Wakati huo ndipo alipopewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Taarab aliyoikuta ilikuwa burudani ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka wa 1905, kiliiendeleza. Nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu, na waimbaji wake walikuwa wanaume. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Kundi lake, lililokuwa na wanamuziki kama vile Subeti bin Ambari, Budda bin Swedi, Mwalimu Shaabani na Mbaruku, mpiga fidla kipofu kutoka Mombasa, lilialikwa katika majumba ya matajiri na katika ikulu, na wakati huo huo likawatumbuiza watu wa kawaida wa mtaa wa Ng'ambo.

Mwaka wa 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwasafirisha Siti na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zao. Kufikia 1931 zaidi ya santuri 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Kiswahili kikasikika kwenye gramafoni katika miji ambayo mwimbaji mwenyewe hakupata kuikanyaga.

Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi pekee. Wimbo maarufu wa Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa na mtu aliyekwenda naye matembezini. Muuaji alitorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani kwa kosa la pombe. Wanyonge waliokosa haki mahakamani walipata mahali pa kusikilizwa katika wimbo.

Waliomwonea wivu walimtungia wimbo wa kejeli, wakimkumbusha kwamba alikuja mjini akiwa maskini wa kaniki. Siti naye akajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na nasaba si kitu, na kwamba aibu ya mtu ni kukosa akili. Kwa mwanamke aliyezaliwa na watumwa, kulisema hilo hadharani, mbele ya watu wa nasaba, lilikuwa jambo zito kuliko majibizano ya waimbaji.

Siti alifariki Julai 8, 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad. Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, alizibeba nyimbo zake hadi karne ya 21, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti. Lamu nayo ilimtoa Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyezaliwa mwaka wa 1939, ambaye naye aliiendeleza taarab ya Kiswahili hadi alipofariki mwaka wa 2016.